Uyoga chini ya migomba: mwongozo kamili wa kuotesha uyoga mamama ndani ya kihamba

Kwenye kihamba cha Wachaga, yaani shamba la mchanganyiko linalozunguka nyumba, hakuna kinachokaa peke yake. Mgomba unaupa mti wa kahawa kivuli, ng'ombe aliye bandani anakula majani na kulipa kwa samadi, magimbi yanajibana kwenye unyevu kando ya mfongo, mfereji wa kumwagilia. Kihamba cha Shimbwe Juu, mkoani Kilimanjaro, kiliingizwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani kwa sababu ya mpangilio huo. Hata hivyo, katika vihamba vingi kuna sehemu isiyozalisha kitu: pale katikati ya mashina ya migomba penye kivuli kizito, ambapo mahindi hayazai na maharage yanarefuka tu kutafuta jua. Hapo ndipo panapoufaa uyoga.

Ninachoeleza hapa ni uyoga mamama, ule unaoota kwa vishada na wenye kofia kama sikio. Nimeandika nikifikiria mteremko wa Kilimanjaro, lakini mwenye kibanja Kagera, Mbeya au Kisii atafuata hatua zilezile. Wa pwani ana mambo yake mawili matatu, nitayagusa.

Nani anampa nani nini

Siku hizi utasikia kwamba ukiotesha uyoga karibu na mboga, nyuzi zake zitashikana na mizizi na kuilisha. Kwa uyoga mamama, hilo si kweli. Mamama ni mwozeshaji. Chakula chake ni mabua, majani makavu na miti iliyokufa, na hana shughuli na mizizi iliyo hai. Uyoga unaoshirikiana na mizizi upo, mfano ni ile mizuri inayochumwa kwenye misitu ya miyombo huko Tabora na Katavi wakati wa mvua, lakini huo hauoteshwi kwenye tuta. Uyoga wa kwenye vichuguu nao hulimwa na mchwa wenyewe, na kwa sisi binadamu bado umegoma.

Kwa hiyo faida iko kwingine. Migomba inaupa uyoga kivuli, inazuia upepo usiukaushe, na majani yake mapana hutoa unyevu mchana kutwa. Majani makavu yanayoning'inia ndiyo chakula chenyewe. Uyoga unalipa baadaye: ukishavuna, mfukoni hubaki kitu laini kilichooza nusu, ambacho minyoo ya ardhini hukipenda na ambacho hushika maji vizuri kwenye tuta. Wengine hutaja pia hewa ukaa inayotoka kwenye uyoga kuwa inanenepesha mboga. Ndani ya banda lililofungwa, labda. Kihambani upepo huichukua, usiiweke kwenye hesabu.

Kuna faida nyingine ya kushangaza. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walionyesha kwamba nyuzi za mamama hutoa vitone vya sumu vinavyowalemaza nematodi, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni, kisha nyuzi humwingia mnyoo na kumla. Sababu ni kwamba miti na mabua yana naitrojeni kidogo, hivyo uyoga huitafuta kwenye nyama. Migomba yetu inasumbuliwa sana na minyoo wa mizizi, ndiyo maana habari hii inavutia. Lakini simshauri mtu aache kutumia miche safi ya migomba eti kwa sababu amezika mifuko ya uyoga shambani. Ichukue kama nyongeza.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: uyoga uanze mfukoni, chini ya migomba, na uende ardhini baada ya kuvunwa. Anayeanza kwa kumwaga mbegu moja kwa moja kwenye matandazo hapa kwetu mara nyingi analisha mchwa.

Kalenda

Kuanzia siku ya kupanda mbegu hadi mfuko kuwa mweupe wote ni wiki tatu hadi nne. Ukitaka uyoga utoke masika, andaa mifuko mwishoni mwa Februari. Mvua za Machi zitakuta mifuko iko tayari kufunguliwa, na utaokoa kazi kubwa ya kumwagilia. Mikupuo mitatu, yaani mawimbi matatu ya mavuno kutoka mfuko uleule, itakufikisha Mei au Juni. Mabaki yapumzike hadi Septemba, kisha yaingie kwenye matuta ya maharage na mboga za vuli. Juni hadi Agosti mlimani ni baridi, na uyoga utatoka taratibu. Usikate tamaa, ila usimwahidi mteja tarehe.

Pwani na maeneo ya joto, ulizia mbegu ya aina inayovumilia nyuzijoto 28 hadi 30, kama ile ya pinki. Aina za baridi zitakutia hasara Tanga.

Chakula cha uyoga: usigombane na ng'ombe

Mlimani, mabua ya mahindi na majani ya maharage hupandishwa kutoka tambarare kwa ajili ya mifugo, na bei yake kiangazi si mchezo. Mwachie ng'ombe. Uyoga upe majani makavu ya migomba, ambayo ng'ombe hayataki, na uchanganye na magunzi yaliyopondwa au maganda ya maharage yaliyobaki baada ya kupura.

Majani yawe makavu ya rangi ya kahawia, yaliyokatwa yakiwa bado yananing'inia kwenye mgomba, si yale yaliyoanza kuoza chini. Epuka mambo matatu. Kwanza, magunzi yenye ukungu, kwani mahali penye ukungu sumukuvu inaweza kuwapo, na hata isipokuwapo, ukungu utapigana na mbegu yako. Pili, mabua au majani kutoka shamba lililopuliziwa dawa karibuni, kwa sababu uyoga hunyonya dawa na madini mazito kuliko unavyodhani. Tatu, majani kutoka shamba lenye mnyauko wa bakteria wa migomba. Ugonjwa huo ulionekana Uganda mwaka 2001, ukaja kuingia Kagera, na panga ni njia yake kuu ya kusafiri. Joto la kuchemsha malighafi litaua bakteria walio kwenye majani, lakini halitaisaidia migomba uliyoigusa kwa panga hilo ukiwa njiani. Kata kwako tu, na panga uliunguze motoni kabla ya kuhama shina.

Kwa kuanza, kilo 10 za malighafi kavu zinatosha. Zikilowa vizuri zitakuwa kilo 27 hadi 29, sawa na mifuko kumi na moja hivi ya kilo mbili na nusu. Pumba za mahindi au mpunga huongeza mavuno, lakini zisizidi nusu kilo hadi kilo moja kwa kiasi hicho. Pumba nyingi huleta ukungu wa kijani.

Kulowesha na kuchemsha

Katakata majani vipande vya sentimita 3 hadi 5. Loweka kwenye maji safi usiku kucha, asubuhi chuja na acha yachuruzike kwenye mteremko. Sasa kamua konzi moja kwa nguvu. Yakitoka matone machache tu, unyevu ni sahihi. Yakitiririka, acha yachuruzike zaidi. Yasipotoka kabisa, nyunyizia. Chukua muda wako hapa, maana mifuko mingi inayonuka uchachu ilijazwa malighafi yenye maji mengi. Baada ya hapo ndipo uchanganye pumba.

Chukua pipa la lita 200. Weka maji ya kina cha sentimita 15 hadi 20, juu yake panga mawe na fito ziwe kichanja, kisha pakia malighafi ndani ya viroba juu ya fito hizo bila kuvigusisha maji. Funika kwa gunia na nailoni, funga kwa kamba, washa moto. Hesabu saa tatu hadi nne kuanzia pale mvuke unapotoka kwa nguvu, si kuanzia unapowasha kuni. Maji yasikauke. Zima, acha ipoe humohumo hadi kesho yake. Malighafi iwe chini ya nyuzijoto 30 kabla ya kupanda. Kama huna kipimajoto, ibonyeze kwa ndani ya kiganja: ukihisi uvuguvugu, subiri.

Penye shida ya kuni kuna njia ya chokaa. Tumia chokaa iliyozimwa, gramu 5 hivi kwa kila lita ya maji, zamisha malighafi saa 16 hadi 18, toa, chuja. Vaa glavu na linda macho. Kwa njia hii usiweke pumba kabisa, kwa sababu chokaa haiui kila kitu, huwapunguza tu wapinzani. Na ukumbuke ni mifuko ipi ilipita kwenye chokaa, kwani mabaki yake hayaendi kila tuta.

Kupanda mbegu

Mbegu za uyoga ni nafaka, kwa kawaida mtama au ngano, zilizofunikwa na nyuzi nyeupe. Nunua kwenye maabara za vyuo vikuu vinavyozalisha, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au JKUAT (Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta) kule Juja, Kenya, au kwa mzalishaji ambaye wakulima wenzako wamevuna kwa mbegu yake. Chupa iwe nyeupe tupu, yenye harufu ya uyoga mbichi. Ukiona doa la kijani, jeusi au la pinki, au ukinusa uchachu, rudisha hapohapo. Kwa kilo 28 za malighafi iliyolowa utahitaji kilo moja na robo hivi ya mbegu. Ukizidisha kidogo si kosa, kwa sababu mbegu nyingi hukimbia kuliko ukungu.

Panda ndani ya chumba kisicho na upepo, asubuhi mapema kabla vumbi halijaamka. Nawa kwa sabuni, pangusa meza na mikono kwa spiriti. Jaza malighafi mfukoni kimo cha vidole vinne, shindilia, tawanya mbegu pembezoni, jaza tena, hadi juu. Tabaka la juu liwe mbegu. Funga, kisha toboa matundu madogo kumi hivi kwa sindano safi.

Kuhusu mifuko: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Tanzania imeruhusu ile ya shughuli za kilimo, lakini hilo halimaanishi iishie kuzikwa tutani. Mimi napendelea ndoo za lita 10 zilizotobolewa matundu ubavuni. Unaziosha na kuzitumia miaka.

Weka mifuko kwenye giza, penye nyuzijoto 20 hadi 28, stoo au chini ya kitanda. Isipandane, inatoa joto lake yenyewe. Usiifungue kuchungulia.

Banda chini ya migomba

Wakati utando mweupe wa nyuzi unaenea mfukoni, jenga banda. Mita 2 kwa 3, miti ya kawaida, paa la nyasi au majani ya migomba juu ya nailoni, kuta za viroba au magunia yaliyolowa. Liwe penye kivuli cha kutwa nzima, umbali wa mita moja na nusu au zaidi kutoka mashina makubwa ili mkungu ukianguka usije na banda. Chini tandaza mchanga au kokoto, ambazo utazimwagia maji. Acha nafasi ya hewa chini na juu ya kuta, kisha uzizibe kwa chandarua chakavu, kwa kuwa inzi wadogo weusi ndio watakaokuja kwanza. Ning'iniza mifuko kwa kamba kutoka kwenye boriti, minne au mitano kwa kamba moja. Banda hilo litabeba hadi 60, ukizoea. Usifunge kamba kwenye migomba yenyewe.

Mifuko ikiwa myeupe pande zote, ihamishie bandani na uichane sehemu nne hadi sita, kila mpasuo sentimita 3 hadi 5. Vijipu vidogo, ndio uyoga mchanga, vitaonekana kati ya siku nne na nane. Kuanzia hapo kazi ni unyevu na hewa. Nyunyizia sakafu, kuta na hewa mara mbili hadi tatu kwa siku, mvua ikinyesha mara moja au usinyunyizie. Usielekeze maji ya nguvu kwenye vijipu. Mwanga uwe wa kukuwezesha kusoma gazeti bila kukaza macho.

Uyoga wenyewe utakwambia kinachokosekana. Shina refu na kofia ndogo maana yake hewa haitoshi, inua kuta. Kingo zilizopasuka na kukauka, unyevu haupo. Vijipu vinavyogeuka njano na kufa, aidha maji yamevipiga au upepo umevikausha.

Kuchuma

Chuma kishada kizima kwa kukizungusha, kofia zikiwa bado zimejikunja kidogo pembeni. Ukichelewa hadi zijipindue juu, zitamwaga unga wa mbegu unaoleta kikohozi na mzio kwa mtu anayeingia bandani kila siku. Vaa barakoa ikiwa mifuko ni mingi. Mavuno ya mwanzo, kwa kilo 10 kavu, yakifika kilo 5 mbichi umefanya vizuri. Mzoefu hupata kilo 8 hadi 10 kwa mikupuo mitatu, ule wa kwanza ukiwa mkubwa kuliko yote, na kila mkupuo ukifuata baada ya wiki moja hadi mbili.

Uyoga usiuzwe ndani ya nailoni iliyofungwa, unatoa jasho na kuoza. Tumia karatasi au kikapu. Ukizidi, kausha hadi uvunjike kwa mlio. Kilo 10 mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Upike vizuri kabla ya kula, mbichi una protini inayoweza kudhuru na ambayo moto huivunja.

Mabaki kwenda ardhini

Mfuko ukishakuwa mwepesi na kusinyaa, toa plastiki na uchambue. Yenye ukungu wa kijani peleka kwenye shimo la mboji mbali na banda. Myeupe safi ina maisha bado. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 10 hadi 15, angalau sentimita 60 kutoka shina la mgomba, laza vipande humo, funika kwa udongo wa vidole viwili na majani makavu, mwagilia. Mvua ikija, mara nyingi utapata mkupuo mmoja wa ziada ukitokea ardhini. Mchwa wakipita hapo, hama. Majivu huwachelewesha tu.

Yaliyobaki tandaza kwenye matuta ya mboga unene wa sentimita 3 hadi 5, yasiguse mashina. Usiyafukie yakiwa mabichi. Bado yana njaa ya naitrojeni na yatainyang'anya mboga, utaona majani yamegeuka njano. Tangulia na samadi iliyoiva, au yaache mabaki kwenye rundo miezi miwili mitatu na samadi katikati. Yaliyopita kwenye chokaa yasiende kwenye chai, nanasi wala viazi mviringo. Kwa sukuma wiki na kabichi ni mazuri.

Mimea ya kuzunguka banda, mimi ningechagua hivi. Maboga upande wa jua, majani yake yanafunika udongo na kuzuia joto kupanda. Magimbi pale maji ya kunyunyizia yanapochuruzikia. Sukuma wiki na mchicha pembezoni mwa kivuli, penye jua la nusu siku, si ndani kabisa. Maharage yafuate kwenye tuta lililopata mabaki msimu uliopita, na mabua yake yakishapurwa yarudi kwenye pipa. Kitunguu na nyanya ziache mbali. Nyanya hasa, kwa kuwa karibu kila mtu huipulizia dawa.

Tatizo moja litakuja kwa pamoja kwenye uyoga na mboga: konokono. Matandazo yenye unyevu ni nyumba yao. Pita usiku na tochi uwaokote, au fuga bata wawili, ila wazuiwe kuingia bandani na kwenye miche michanga.

Usile usichokipanda

Ukishatandaza mabaki bustanini, uyoga mwingine utaota, na hapa ndipo penye hatari. Mamama huota kwa vishada, mistari iliyo chini ya kofia inateremka hadi kwenye shina, hauna pete shingoni wala kikombe chini, na unga wake ni mweupe au wa kijivu-zambarau. Kwenye bustani na majani kuna uyoga mkubwa mweupe wenye magamba, uliosimama peke yake na wenye pete, ambao mistari yake hugeuka kijani ukikomaa. Huo utakutapisha na kukuharisha vibaya. Unaotoka ardhini kama yai usiuguse, hata kama jirani anasema kwao wanaula. Waambie watoto na msaidizi wa nyumbani kwamba uyoga wa mboga ni ule tu unaochumwa na mtu aliyeupanda, kutoka kwenye mfuko au mfereji wenye alama. Weka kijiti chenye kitambaa kwenye kila mfereji.

Kabla hujaagiza mbegu za awamu ya pili, osha banda: toa mchanga wa juu, mwaga mpya, paka miti chokaa, acha wazi kwa wiki mbili upepo upite. Mwenye banda la pili hubadilishana, moja likivunwa jingine linapumzika. Oda ya mbegu iweke wiki tatu kabla, maabara nyingi hazina akiba na huzalisha kwa oda.